CBT si kumwambia mtu "wacha mawazo": tufundisheni sie tuliopo vituoni, na mkishatufundisha msituache

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua, najua nitakuwa mrefu, mkikata mkate tu lakini msikate maana.

Siku hizi mmetoa barua mbili tatu za wasomaji wanaolalamika kwamba mtu akenda hospitali akasema ana mawazo, halali, moyo unampiga, anapewa piritoni au vidonge vya usingizi, anaambiwa rudi nyumbani ukapumzike. Msomaji mmoja akaandika kuwa dawa ni kuletwa madaktari wa akili wengi kutoka nje. Mie ni muuguzi, nafanya kazi kituo cha afya huku Kaskazini Pemba, na nasema malalamiko yana ukweli kabisa ila hiyo dawa aliyoitaja ndugu yetu tutaingoja mpaka tuzeeke, maana hao mabingwa hawatoshi Unguja sembuse Micheweni. Kinachowezekana, tena kwa gharama ndogo, ni kutufundisha sie tuliopo, wauguzi, matabibu, wakunga na wale wahudumu wa afya wa jamii wanaopita majumbani, ujuzi wa msingi wa CBT, yaani tiba ya fikra na tabia, halafu tukishafundishwa tusiachwe peke yetu. Hili la pili ndo linalosahauliwa kila siku na ndo nitalolisema sana.

Kwanza niondoe dhana, kwa sababu nikitaja CBT kwa wenzangu wengi wananiambia ah, nasaha hizo, sie mbona tunatoa siku zote. Hapana yakhe. Nasaha tunazotoa ni kumwambia mtu usiwaze sana, mshukuru Mungu, tizama wenzako wenye hali mbaya kuliko wewe. Mtu anaitikia kwa adabu, anatoka na donge lake vilevile, tena pengine limeongezeka aibu juu yake. Wala si yale maneno ya wahamasishaji wa kwenye simu, jiambie unaweza, jiambie wewe ni bora, hayo mie yananichosha hata nikiwa mzima.

Aliyeianzisha tiba hii kwa sura tunayoijua leo ni Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960. Yeye mwenyewe alisomea ule mtindo wa zamani wa kumlaza mgonjwa kwenye kochi na kuchimba utoto wake, lakini akawa anaona wagonjwa wake wenye sonona, yaani huzuni nzito inayomkaa mtu, wana mkondo wa fikra za haraka haraka zinazopita kichwani bila kualikwa, mie sifai, watu hawanitaki, kesho haitakuwa nzuri, na wanaziamini kama zilivyo bila ya kuziuliza. Akaanza kuwafundisha kuzikamata na kuzihoji. Alifariki 2021 akiwa na umri wa miaka 100, na katika uhai wake akaona mbinu yake inapimwa kwa tafiti kuliko pengine tiba nyengine yoyote ya mazungumzo.

Na kwa wale wanaosema mambo haya ya kizungu, basi wamsome Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934. Huyu aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu, akaeleza hofu, hasira na wasiwasi, na akashauri mtu akiwa mtulivu ajiwekee fikra njema za kumsaidia siku ya dhiki kama vile anavyoweka dawa nyumbani kwa dharura. Zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Beck! Kwa hivyo mtu asinambie nikikaa na mgonjwa tukazihoji fikra zake nimemtoa kwenye dini. Mtume (S.A.W.) mwenyewe katufundisha dua ya kujikinga na hamu na huzuni, kwa hivyo hamu na huzuni zipo na si dalili ya imani kupungua, na ngamia tumeambiwa tumfunge kisha ndo tutawakali.

Sasa kazi yenyewe inakuwaje. Nitoe mfano wa bi mkubwa mmoja, nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane. Alikuwa akiletwa kituoni usiku kwa bodaboda, mkono kifuani, vidole ganzi, jasho, anasema nakufa mwanangu moyo unasimama. Presha sawa, sukari sawa, damu ipo. Akapelekwa hospitali kubwa akapimwa umeme wa moyo, akaambiwa huna kitu. Sasa mtu anahisi anakufa halafu unamwambia huna kitu, ataelewa ama hawa hawajui kazi, ama mie nimekuwa mwendawazimu, ama, na hili kwetu ndo linakuja mbele, hichi si cha hospitali, na hapo ndo pesa za mwani zinapokwenda kwa mganga. Simlaumu hata kidogo, mganga anamsikiliza saa nzima na mie nilikuwa nampa dakika tatu.

Tulipokaa naye kwa mtindo wa CBT sikumpa mhadhara. Nilichukua karatasi, upande wa nyuma wa fomu iliyoharibika, nikachora viduara vitano, kilichotokea, fikra, hisia, mwili, na alichofanya. Nikamuuliza bi mkubwa, mara ya mwisho ilipoanza ulikuwa unafanya nini? Akasema nilikuwa nakuna nazi, moyo ukaruka. Ulivyoruka ukajiambia nini? Akanyamaza kidogo, akasema nikajiambia leo ndo leo, marehemu dada yangu alikwenda hivi hivi. Na uliposema hivyo mwili ukafanyaje? Ukazidi, nikaanza kuhema, mikono ganzi, nikaita watu. Na watu walipokuja? Nikapoa poa njiani, nilipofika kwenu ishaanza kwisha.

Tizama hapo. Kila kitu kakisema yeye, mie nimeuliza na kuandika. Kisha nikamgeuzia karatasi tukachora mishale pamoja, moyo kuruka, fikra ya kufa, hofu, kuhema, ganzi, ganzi inathibitisha fikra ya kufa, na gurudumu linaanza upya. Kuhema kwa kasi kunatoa hewa ya kaboni nyingi mwilini kuliko inavyotakiwa na hiyo ndo inayoleta ganzi na kizunguzungu, si moyo kusimama. Mzunguko huu aliueleza vizuri David Clark wa Uingereza mwaka 1986. Lakini bi mkubwa hana haja ya David Clark, ana haja ya kujionea, kwa hivyo kwa kuwa alishapimwa moyo na hana pumu wala kifafa, tukahema sote wawili kwa kasi kama dakika moja tumekaa vitini. Vidole vikaanza kumwasha. Akanitizama. "Kumbe naileta mwenyewe!" Nikamwambia huileti kwa kutaka bi mkubwa, mwili unakulinda na hatari ambayo haipo. Hakupona siku ile, tusidanganyane, alirudi tena na tukafanya mengine, lakini kuanzia hapo alikuwa anakuja mchana kwa miguu kwenye siku ya miadi, si usiku kwa bodaboda.

Kinachoonekana rahisi hapo ndo kigumu kuliko vyote katika mafunzo, kuuliza badala ya kuambia. Sie wauguzi tumefunzwa kuambia, meza hii, usile ile, rudi tarehe fulani. Kwenye kozi niliyohudhuria tulikuwa tunaigiza wawili wawili, mmoja mgonjwa mmoja muuguzi, na mkufunzi alikuwa na mchezo wake wa kugonga meza kila unapotoa ushauri kabla ya kuuliza. Meza iligongwa siku nzima. Mwenzetu mmoja wa miaka mingi kazini, mkunga hodari sana, aliambiwa na "mgonjwa" wake kuwa mume kaoa mke wa pili na tokea hapo halali, naye kabla hata sentensi haijesha kashajibu subiri mwanangu, subira ina malipo. Tok! Akajaribu tena, basi muombe Mungu. Tok! Mara ya tatu akakaa kimya, kisha akasema, na usiku ukiwa macho, unakuwa unawaza nini? Chumba kizima kikanyamaza kwa sababu yule aliyekuwa anaigiza mgonjwa alianza kulia kweli.

Jengine linaloeleweka vibaya ni kwamba CBT inamfundisha mtu afikiri vizuri tu hata mambo yakiwa mabaya. Si hivyo, inamfundisha apime. Huku kwetu tokea MV Spice Islander izame Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit mwaka uliofuata, kuna watu hawajapanda meli tena. Wengine wameacha biashara, wengine wana rufaa ya Unguja iko mkobani na hawendi. Ndege nauli haimudu kila mtu. Sasa mtu kama huyu ukimwambia meli ni salama, usiogope, unamdanganya, Spice Islander ilijaza kupita kiasi na ikazama kweli, watu wa shehia moja moja walizika majina bila ya maiti. Hofu yake ina msingi. Kazi yenu ni kuuliza pamoja, hofu inasema nini hasa, kila meli itazama? Ni meli ngapi zimefunga gati ya Mkoani hapa Pemba tokea wakati ule? Na ikiwa siku hiyo kweli unaiona meli imejaa mpaka watu wanakaa ngazini, basi usipande, hiyo si maradhi, hiyo ni akili.

Halafu mnapanga ngazi. Juu kabisa ni safari ya Unguja, chini kabisa ni kitu kinachotia hofu kidogo tu, pengine kuzungumzia siku ile bila kubadilisha mazungumzo, kisha kwenda Mkoani kutizama meli inafunga na kukaa pale bandarini mpaka moyo ushuke wenyewe, si kukimbia ikiwa imepanda, maana ukikimbia hapo umeifundisha hofu kuwa ilikuwa sahihi. Kisha kuvuka kwa mashua kwenda kisiwa cha Makoongwe na kurudi siku ya bahari shwari, dakika chache tu, na mtu anayemuamini. Na kila hatua inarudiwa mpaka iwe haina ladha, ndo inafuata ya juu yake. Mnakubaliana pia kupunguza vile vijikinga vya hofu, mfano kumeza kidonge cha usingizi kabla ya kupanda, kwa sababu akifika salama atasema ni kidonge. Boya la kuokolea lakini msimvue jamani, hilo ni la kila mtu.

Haya ndo ninayosema yanafundishika. Si lazima uwe profesa. Kuna utafiti wa vijijini Rawalpindi, Pakistan, uliotoka mwaka 2008, kina Atif Rahman, walichukua wahudumu wa afya wa kike wa vijijini, watu kama wahudumu wetu wa jamii, wengi elimu yao ni ya sekondari, wakawapa siku 2 za mafunzo ya CBT iliyorahisishwa na baada ya hapo usimamizi wa kila mwezi. Wakawatembelea kinamama wajawazito wenye sonona nyumbani kwao, vikao 16 tokea mwezi wa mwisho wa mimba mpaka mtoto anakaribia mwaka. Miezi 6 baada ya kujifungua waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, na katika vijiji vya kulinganisha ambako kinamama walitembelewa mara hizo hizo bila ya mbinu hiyo walikuwa asilimia 53. Hebu irudieni hiyo. Vijiji vya Waislamu, mama mkwe ndani ya nyumba, mume yuko mbali kutafuta, nyumba haina chumba cha faragha, hii si Pemba hii? Shirika la Afya Duniani likauchukua muongozo wao na kuutoa mwaka 2015 utumike popote.

Na Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi wa mtaa, wazee wenye heshima zao, akawafundisha tiba ya kutatua matatizo, hii ni ndugu na CBT, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, vikao 6. Matokeo ya kliniki 24 yalichapishwa 2016 na yalikuwa mazuri. Benchi hilo limeshafika hata kwetu Unguja, kwa hivyo mtu asiseme ni ndoto. Mwaka huo huo wa 2016 Waingereza nao walitoa utafiti wa watu 440 wenye sonona, kundi moja likapata CBT kamili kwa wataalamu, jengine likapata kipande kimoja tu cha tiba hiyo, kile cha kumrudisha mtu kwenye shughuli zake kidogo kidogo, kwa wahudumu wa ngazi ya chini waliofundishwa kwa muda mfupi. Matokeo hayakupishana, na la pili likawa rahisi kwa gharama.

Hicho kipande cha shughuli ningeomba kifundishwe mwanzo kabisa. Mtu mwenye sonona anangoja apate hamu ndo atoke, na hamu haiji kwa sababu hatoki. Mama wa mwani akishaacha kwenda pwani maji yakitoka, akaacha na kwenda kwenye harusi, akaacha na kuchana nywele, ukimwambia nenda ukalime mwani utakuwa umempa mlima. Unampangia kilicho kidogo mpaka anakicheka, kesho baada ya sala ya asri uende kwa shoga yako ukakae ukumbini, hata usiseme kitu, halafu uniambie kabla ya kwenda moyo ulikuwa ngapi katika kumi na baada ya kurudi ngapi. Asiyejua kuandika anarikodi sauti kwenye simu. Mie nina mgonjwa homuweki zake zote ni sauti za WhatsApp na majogoo yanawika nyuma.

Sasa lawama, na sitamtaja mtu. Semina nyingi tunazoletewa ni za siku moja au mbili, ukumbi mzuri, chai ya saa nne na sambusa, posho, cheti kwenye bahasha, mkufunzi ana boti ya mchana anatizama saa. Mifano yote ya huko kwao, mtu anaogopa kupanda lifti, mtu anaogopa mbwa. Mbwa! Sie huku nani asiyemuogopa mbwa? Mtu kafeli usaili wa kazi akaona hafai, sawa, usaili upo, lakini wapi mfano wa kijana aliyeahidiwa mahari isubiri karafuu na karafuu mwaka ule hazikuzaa? Wapi mwenye sukari aliyeacha dawa kwa sababu anajiambia ukianza sindano ndo mwisho wako, na hiyo ni fikra tunayokutana nayo kila siku ya kliniki na inaua watu miguu na macho? Fikra hiyo ingehojiwa kwa nusu saa tu ingeokoa vidonda vingapi. Kwangu mie hapa ndo pahala pa kwanza pa CBT katika kazi zetu za kawaida, sukari na presha, kabla hata ya hayo yanayoitwa maradhi ya akili, kwa sababu dawa ipo dirishani na mtu haichukui kutokana na anachokiamini.

Baada ya semina basi. Hakuna anayepiga simu. Ujuzi huu hauwi wa mtu bila ya kusimamiwa, ni lazima mtu mwenye uzoefu akusikilize, uende na karatasi yako yenye viduara umwambie hapa nimekwama, mgonjwa ananijibu sijui sijui, nifanyeje. Wale wa Pakistan wasingefika popote na zile siku 2 bila ya kikao cha kila mwezi, siku 2 zilikuwa mlango tu. Na tusijidanganye pia kuwa kozi ya msingi inamfanya mtu mtaalamu. Uingereza kwenyewe mtu anayeitwa mtaalamu kamili wa CBT kwa kawaida anakuwa kwanza ana taaluma yake ya afya au ujuzi unaolingana nayo kisha anasoma masomo ya uzamili na anasimamiwa kwa muda wote anaofanya kazi, wale wa ngazi ya chini wana mipaka yao na wanaijua. Mie nataka tuwe wale wa ngazi ya chini, hilo tu, lakini tuwe kweli.

Mipaka yenyewe ni muhimu isemwe gazetini watu wasije wakatuona tunacheza. Anayesikia sauti, anayekesha siku kadhaa anasema ataununua uwanja wa ndege, aliyepata fujo ghafla akiwa na homa, huyo si wa viduara, homa na fujo pima malaria na mengine kwanza, na hao wengine wapelekwe kwa daktari, ikibidi hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu kule Unguja, na wala pasiwe na aibu. Anayetumia dawa za akili asiziache kwa kuwa kaanza kuzungumza na muuguzi. Damu kidogo inachosha na kuhuzunisha, tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi linaupeleka moyo mbio, kwa hivyo kipimo kinatangulia mazungumzo. Na lile suala la tisa katika dodoso la PHQ-9 la kupimia sonona, linalouliza kama mtu katika wiki mbili zilizopita amewaza bora afe au kujidhuru, liulizwe kwa sauti na kwa macho makavu, lisirukwe. Wenzangu wengi wanaliruka kwa kuona haya au kwa kuogopa watampa mtu wazo. Halimpi mtu wazo, anayelo analo, na wengi wanashusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna mtu kauliza. Akisema ndiyo haachwi peke yake na ndugu anaitwa, hapo ndo kila mhudumu awe na namba ya kupiga, na kusema kweli vituo vingi namba hiyo haipo ukutani.

Faragha nayo. Chumba chetu cha kuonea wagonjwa mlango ni pazia, na kwenye benchi nje kakaa shangazi wa mgonjwa, jirani wa mgonjwa na wifi wa mgonjwa, atasema nini? Tumekuwa tukitumia chumba cha chanjo siku zisizo za chanjo. Mgonjwa wa kike na muuguzi wa kiume mlango unabaki wazi kidogo na mwenzetu wa kike anakaa pembeni, tumekubaliana hivyo na hakuna aliyenung'unika, wazee wa shehia walielezwa mapema na ustadh wetu wa madrasa ndiye aliyetuletea mgonjwa wa kwanza baada ya hapo. Nasema haya kwa sababu kuna wanaodhani viongozi wa dini watapinga. Wakielezwa hawapingi, wao ndo wanaogongewa mlango saa nane usiku na mtu aliyezidiwa na wasiwasi wa udhu, anatawadha mara kumi na bado hana yakini, na wanajua fika kuwa kumwambia acha wasiwasi hakusaidii.

Ninachoomba ni mambo yanayofanyika. Mafunzo haya yaingizwe tokea chuoni kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, wana skuli ya afya, kuliko kungoja mtu ashaota mvi kazini ndo aletewe semina. Waliopo kazini wapewe kozi fupi kwa mifano ya hapa hapa, na kila wilaya iwe na mtu mmoja anayekutana nao kila mwezi, hata kwa simu, na nauli yake itengwe kutoka kwenye pesa zile zile za sambusa. Kila kituo kichague asubuhi moja katika wiki, ile ya kliniki ya sukari na presha inafaa, muuguzi mmoja asiitwe dirishani wala chanjo, awe na nusu saa kwa mgonjwa.

Na kuna rejista. Kitabu cha wagonjwa wa nje kina safu ya jina, umri, shehia, maradhi na dawa. Nikikaa na mgonjwa nusu saa, tukachora, tukapanga kazi yake ya wiki, akatoka bila ya kidonge, safu ya dawa inabaki tupu na mwisho wa mwezi yeye anaonekana hakutibiwa na mie naonekana nimeona watu wachache kuliko mwenzangu aliyegawa panadoli. Ndo maana hata waliofundishwa vizuri wanaacha baada ya muda, si uvivu. Wanaohusika watuongezee safu moja ya kikao na nafasi ya kuandika alama za PHQ-9 za siku ya kwanza na za siku ya mwisho. Kwenye kitabu chetu safu hiyo nishaichora kwa rula na peni nyekundu, ila ripoti ikifika kwenye kompyuta hakuna pa kuiingiza.

Wabillahi tawfiq.

Muuguzi, kituo cha afya,
Kaskazini Pemba